Siku Tano ndani ya Dahabiya

Sisi wake wa askari twaijua likizo. Ni karatasi itiwayo sahihi leo na kubatilishwa kesho, hali masanduku yamekwisha fungwa na watoto wamekwisha vaa viatu. Kwa sababu hiyo mimi na mume wangu tulingoja hadi alipostaafu, ndipo tukaenda likizo yetu ya kwanza ambayo hakuna mkubwa aliyeweza kutuita turudi.

Mume wangu alitumikia polisi kwa miaka thelathini na miwili. Miaka ya mwanzo aliipitisha Jinja, katika ulinzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Usiku baada ya usiku aliyasikia maji ya ziwa yakipita chini ya miguu yake na kushika njia ya kaskazini. Akirudi nyumbani alfajiri husema, "Mama Watoto, siku moja nitakwenda kuona maji haya yanakofika." Alipostaafu, goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha haribika kwa ajali ya kazini. Watoto wakachanga, nasi tukaongeza sehemu ya kiinua mgongo, tukasafiri mwezi wa Januari hadi Misri, kukaa siku tano juu ya Mto Naili katika chombo kidogo cha anasa. Fedha ile ilitutoka kwa uchungu, na goti lile lilinitia hofu. Kwa hiyo nitaeleza tuliyoyakuta kama yalivyokuwa, ili anayefikiri kwenda aende akijua.

CHOMBO CHENYEWE

Baina ya miji ya Luxor na Aswan, mwendo wa kilomita zipatazo 200, hupita vyombo vya wageni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni meli kubwa zenye injini, mfano wa hoteli ya ghorofa inayoelea, zichukuazo abiria mia na zaidi. Namna ya pili ni dahabiya, nayo ndiyo tuliyopanda. Ni chombo kirefu chenye kitako bapa, milingoti miwili, matanga makubwa ya pembe tatu, na vyumba visivyozidi kumi hivi. Jina lake latokana na neno la Kiarabu la dhahabu, lile lile lililotupatia sisi neno letu. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya walizikodi dahabiya kwa miezi mizima, hata zilipokuja meli za moshi za Thomas Cook zikazipokonya wateja. Katika miaka ya karibuni zimerudi, kwa sababu wako watu wanaotaka safari ya polepole.

Dahabiya haina injini. Katika nchi ya Misri upepo mwingi huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini, na mto hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini. Hivyo chombo kikipanda kwenda Aswan hutweka tanga, na kikishuka hukunja tanga na kuchukuliwa na maji. Upepo ukifa, mashua ndogo yenye injini hukivuta kwa kamba. Yakupasa ujue jambo hili kabla ya kulipa. Siku mbili kati ya tano zetu tulivutwa karibu mchana kutwa, na abiria mmoja alinung'unika kana kwamba upepo nao ulikuwa umeajiriwa.

Tulikuwa abiria kumi na wanne na mabaharia kumi na mmoja. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kipana, shuka nyeupe, bafu yenye maji ya moto, na dirisha ambalo mtu akilala huuona ukingo ukipita. Juu, kwenye sitaha, palikuwa na mazulia, viti vya kulalia na meza moja ndefu. Ndiyo, moja tu. Katika meli ya watu mia, usiyempenda waweza kumkwepa, lakini katika dahabiya utakula naye mara tatu kwa siku. Sisi tuliolea watoto katika kota za polisi, ambako jirani akikohoa wewe huamka, hatukusumbuka. Faida yake ni kwamba siku ya pili mpishi alikwisha jua kuwa Mzee hunywa chai bila sukari, na kijana wa sitaha alikwisha ona goti, akawa anasimama penye ngazi kila tuliposhuka, bila kuombwa.

RATIBA YA SIKU

Tulianza kwa siku moja Luxor, kwenye hekalu la Karnak lenye ukumbi wa nguzo 134, na ng'ambo ya pili kwenye bonde la makaburi ya Mafirauni, ambako Howard Carter alilifumbua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922. Kisha tukachukuliwa kwa gari hadi Esna. Dahabiya nyingi huanzia hapo, upande wa kusini wa lango la maji, na hivyo huepuka foleni ya meli kubwa zinazongoja kupita langoni zamu kwa zamu.

Mtu huamshwa mapema, kwa kuwa mahekalu hutazamwa kabla jua halijakuwa kali. Kifungua kinywa ni mkate bapa, mayai, jibini, na ful, aina ya maharage makubwa yaliyochemshwa taratibu hata yakalainika. Mchana chombo husafiri, na wageni husoma, hulala, au hutazama mitende, punda, na wakulima katika kipande chembamba cha ardhi ya kijani ambacho nyuma yake ni jangwa tupu. Jioni hufungwa kamba ukingoni, kwa kuwa dahabiya haisafiri gizani.

Faida kubwa ya chombo kidogo ni kwamba hufunga kamba mahali ambapo meli kubwa hupita tu. Mahali pa kwanza ni El Kab. Huko, juu ya ngazi ndefu ubavuni mwa kilima, liko kaburi la askari aliyeitwa Ahmose mwana wa Ebana. Alipigana vita vya majini na vya nchi kavu chini ya wafalme watatu, yapata miaka 3,500 iliyopita, na ukutani ameandikiwa habari za utumishi wake, pamoja na kwamba alitunukiwa dhahabu ya ushujaa mara saba. Nilimwambia Mzee abaki chini. Hakusikia. Alipanda kipandio kwa kipandio, mkono begani mwa yule kijana, akasimama mbele ya ukuta ule hata wenzetu wakatoka. Alipotoka alisema neno moja tu, "Huyu aliandikiwa."

Siku zilizofuata tuliona Edfu, hekalu lililoanza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo, ambalo kuta zake za mlangoni zina kimo cha mita 36. Machimbo ya mawe ya Gebel el-Silsila, palipochongwa mawe ya mahekalu mengi. Na Kom Ombo, penye hekalu la miungu wawili, mmoja wao mwenye kichwa cha mamba, pamoja na jumba la mamba waliokaushwa tangu zama hizo.

MAMBO YASIYOANDIKWA KATIKA TANGAZO

Wakala aliyetuuzia safari alitwambia kila kitu kimekwisha lipiwa. Tulipofika tuligundua kwamba "kila kitu" maana yake ni chumba na chakula. Tiketi za mahekalu zilikuwa mbali, vinywaji mbali, na safari ya Abu Simbel mbali. Mzee alifungua daftari lake akaandika kila senti kama anayeandika maelezo ya shahidi. Wewe fanya hivyo kabla ya kuondoka. Taka orodha kwa maandishi, yenye yaliyomo na yasiyokuwamo.

La pili ni bakshishi. Katika vyombo hivi hutarajiwa, na aghalabu hutiwa katika sanduku moja siku ya mwisho na kugawanywa kwa mabaharia wote. Itenge mapema katika bajeti yako, maana ni sehemu ya riziki ya watu hao.

La tatu ni nguo. Sisi watu wa ikweta hudhani jangwa ni joto tu. Usiku wa Januari mtoni ni wa baridi kali, na nilishukuru kwa sweta ya zamani ya kazini ya Mzee. Kiangazi, kinyume chake, Aswan hupita digrii 40, na mwenye umri wetu asithubutu kwenda. Miezi iliyo bora ni tangu Oktoba hadi Aprili.

La nne ni afya na hati. Kunywa maji ya chupa. Usioge mtoni penye maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho. Uliza viza mapema, wala usiache nyumbani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa mtokaji wa Uganda hudaiwa. Mwenye goti bovu ajue pia kwamba dahabiya haina lifti, na pengine daraja la kushukia ni ubao mmoja tu.

ASKARI WA UKINGONI

Usiku wa tatu tulifunga kamba mahali pasipokuwa na kijiji. Baada ya chakula nilimkosa Mzee kitandani. Nilimkuta sitahani, ameegemea, akitazama ukingoni, ambako askari kijana wa Misri alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki magotini, amejifunika koti hadi masikioni.

Ulinzi wa wageni katika nchi ile una sababu. Tarehe 17 Novemba 1997, katika hekalu la Hatshepsut huko Luxor, watu wenye silaha waliua watu 62, watalii 58 na Wamisri 4. Tangu hapo mgeni huwaona askari mahali pengi, na mgeni asiyejua hukasirika akisema wanamharibia picha.

"Zamu yake ilianza saa mbili," alisema Mzee. "Hajaletewa kitu." Mume wangu ajua saa za zamu kama mwalimu ajuavyo kengele. Alishuka jikoni, akarudi na birika na vikombe viwili, akavuka ule ubao polepole. Nilimsikia akisema, "Afande." Kijana aliruka akasimama wima, kwa kuwa neno lile wanalo wao pia; lilikuja kwetu zamani pamoja na askari waliotoka upande wa Misri na Sudani. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza. Walikaa, wakanywa chai, wakatazama maji.

Mimi nilibaki juu nikifikiri. Miaka thelathini na miwili watu wa Jinja walilala, naye alikuwa macho. Sasa ilikuwa zamu yake kulala, na hakuweza kulala kabla ya kumshukuru aliyemlinda. Katika meli kubwa tungelala ghorofa ya tatu, pazia limefungwa, na kijana yule tusingemwona kabisa.

MAJI YA JINJA

Tulimaliza Aswan, ambako hekalu la Philae lilihamishwa jiwe kwa jiwe hadi kisiwa cha Agilkia na kufunguliwa tena mwaka 1980, ili lisimezwe na maji. Lakini Mzee alitaka kuona bwawa. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa tangu mwaka 1960 hadi 1970, lina urefu wa mita 3,830, na nyuma yake liko ziwa lifikalo Sudani. Nahodha wetu, ambaye wenyewe humwita rais wa chombo, alikuwa Mnubi. Kijiji cha baba yake kiko chini ya ziwa hilo. Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa katika miaka ya 1963 na 1964. Alitueleza hayo bila kupaza sauti.

Pale juu ya bwawa Mzee alimwuliza kiongozi wetu ni sehemu gani ya maji yale itokayo Jinja. Kiongozi alijibu kwa adabu kwamba katika kila mapipa mia, yapata themanini na matano hutoka Ethiopia, na kwamba maji yetu mengi hupotelea katika mabwawa ya nyasi ya Sudani Kusini. Niliuona uso wa mume wangu ukianguka. Amesafiri mbali hivyo kuambiwa kwamba alilinda kidogo!

Kisha kiongozi akaongeza. Maji ya Ethiopia huja kwa wingi majira ya mvua, kisha hupungua sana. Zamani, kabla ya bwawa hilo kujengwa, katika miezi ya ukame maji mengi yaliyofika Misri yalikuwa yale ya Naili Nyeupe, itokayo kwenye maziwa yetu, kwa kuwa hayo huja mwaka mzima bila kukoma.

"Basi ni maji ya zamu ya usiku," alisema Mzee, akacheka, na tangu siku hiyo ndivyo anavyoyaita.

Je, safari ile ilistahili fedha ya kiinua mgongo? Mwenye madeni asiende, wala mwenye ada ya shule isiyolipwa. Anayetaka ngoma na bwawa la kuogelea apande meli kubwa. Lakini aliyetumikia miaka mingi, na ambaye amebakiwa na akiba kidogo na goti moja zima, aweza kupata katika chombo kidogo pumziko ambalo hatulipati nyumbani. Ajue tu kwamba kila apumzikapo mtu, mwingine yu macho. Amtazame huyo, amsalimu, na ikiwezekana ampelekee chai.