Ufa Mmoja, Madaftari Tisa

Waama, wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mmoja wa uzamili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya aliisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, akaiandikia insha, akatuzwa alama nzuri. Hata hivyo, hakuijua maana yake barabara hadi siku ukuta wa tasnifu yake ulipotaka kumwangukia, zikiwa zimesalia wiki 3 afike mbele ya jopo la watahini.

Utafiti wake ulihusu maneno yenye sauti ya ng', kama vile ng'amua, ng'oa, ng'ang'ania na ng'atuka. Alitaka kubaini iwapo maneno hayo hutumika kwa kiasi sawa katika riwaya, magazeti na mashairi. Kuhesabu kwa mkono kungemla umri. Kwa hivyo alijifunza lugha ya programu iitwayo Python, akaifanyia kazi katika madaftari ya Jupyter.

Daftari la aina hii si la karatasi. Ni faili ya tarakilishi iliyogawika katika seli: baadhi hubeba maelezo ya kawaida, nyingine hubeba msimbo, yaani maagizo kwa tarakilishi, na matokeo hujitokeza papo hapo chini ya seli iliyoyazaa. Mradi wa Jupyter ulipata jina hilo mwaka 2014, ukiwa umechipuka kutoka IPython, programu aliyoianzisha Fernando Pérez mwaka 2001. Mtafiti wa lugha hupendezwa nalo kwa kuwa humruhusu kufikiri kwa sauti: aandike hoja, aijaribu, aone jibu, aandike tena.

Mwanafunzi wetu alianza na riwaya moja. Aliandika seli ya kuyatenga maneno ya matini, na ikafanya kazi. Alipofungua daftari la riwaya ya pili, aliinakili seli ile na kuibandika. Alifanya vivyo hivyo kwa riwaya ya tatu na ya nne, kisha kwa mikusanyo 3 ya magazeti, kisha kwa diwani 2. Seli moja ikawa na nakala 9. Kazi ilikwenda mbio, naye akajiona fundi.

Ufa ulikuwa katika ritifaa. Ruwaza aliyoitumia kwanza ilichukulia kuwa neno ni mfululizo wa herufi tu. Tarakilishi, isiyojua Kiswahili wala Kichina, ikaiona ritifaa kuwa mpaka wa neno. Hivyo ng'ombe akachinjwa vipande viwili: ng na ombe. Mwanafunzi alipoliona ombe katika orodha yake alicheka, akaongeza ritifaa kwenye ruwaza, na kupeleka sahihisho hilo katika madaftari mengine kwa mkono. Alilisahau daftari moja la mashairi.

Baadaye, akishughulikia riwaya, aligundua kwamba ritifaa zenyewe ni za aina mbili. Ile iliyonyooka, inayochapwa kwa kibodi, hutambuliwa na tarakilishi kwa namba 39. Ile iliyopinda, ambayo programu za uchapishaji huiweka zenyewe ili kurasa zipendeze, ina namba 8217. Jicho la msomaji haliwatengi ndugu hao. Tarakilishi huwaona kama maji na mafuta. Alirekebisha madaftari yote 4 ya riwaya. Usiku ulikuwa umekwenda, umeme ukapotea, akalala. Madaftari ya magazeti hayakuguswa.

Miezi ikapita. Sura ya 4 ya tasnifu ikaandikwa, nayo ilikuwa na habari ya kusisimua: kwamba magazeti yameyapa kisogo maneno yenye ng', na kwamba yako mbioni kufifia katika lugha ya umma. Jedwali lilithibitisha. Mwanafunzi alikwisha kujiandalia makala ya kongamano kuhusu jambo hilo.

Msimamizi wake hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Aliisoma sura ile akiwa na kalamu nyekundu, akafika kwenye jedwali, akanyamaza kwa muda.

"Kijana," alisema hatimaye, "magazeti haya ni ya mwaka gani?"

"Ni ya mwaka 2022, Profesa."

"Mwaka ambao Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akikamilisha muhula wake wa pili. Nawe waniambia kuwa waandishi hawakulihitaji neno ng'atuka? Neno lililoenea tangu Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985? Nenda ukayasome magazeti yako kwa macho."

Alikwenda. Aliporejea bwenini alifungua daftari la magazeti na kuiamuru tarakilishi imwonyeshe kila kipande kilichohesabiwa kuwa neno. Akaona ng kwa mamia. Akaona atuka. Akaona ang na ania, masalia ya ng'ang'ania. Akaona kung na ameng, maneno ambayo hakuna kamusi inayoyajua. Magazeti hayakuwa yameyatupa maneno. Yeye ndiye aliyeyakata, kwa seli aliyoamini kuwa ameshaisahihisha.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Anayenakili msimbo hudhani kuwa ana kitu kimoja mahali pengi; kumbe ana vitu vingi vinavyofanana kwa siku moja tu. Mwanafunzi wa fasihi angepaswa kulijua hili mapema. Nakala za Al-Inkishafi zilizotufikia hazilingani katika kila ubeti, kwa kuwa kila mnakili aliacha alama ya mkono wake, na aliyesahihisha moja hakuzifikia nyingine. Mwanafunzi huyu alikuwa amezalisha miswada 9 ya seli moja, yenye matoleo 3, bila kujua ipi ndiyo asili.

Wala si yeye peke yake aliyetatizwa na madaftari haya. Mwaka 2019 watafiti wa Brazili na Marekani walichapisha uchunguzi wa madaftari yapatayo milioni 1.4 yaliyowekwa hadharani katika GitHub. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban asilimia 24 tu ndiyo yaliyofika mwisho bila hitilafu, na takriban asilimia 4 ndiyo yaliyotoa matokeo yale yale.

Tiba aliyoitumia haikuwa ya ajabu. Aliitoa seli ile katika madaftari yote 9 na kuiweka katika faili moja ya kawaida ya Python, ikiwa kifungu chenye jina lake. Kila daftari sasa hukiita kifungu hicho kwa mstari mmoja wa juu. Kikisahihishwa, kimesahihishwa kwa wote. Alijifunza pia tahadhari yake: daftari lililo wazi hushikilia kumbukumbuni toleo la zamani la faili, hata baada ya faili kubadilishwa. Kwa hiyo kabla ya kuliamini jedwali lolote, hulianzisha daftari upya na kuliendesha kutoka seli ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuhamisha kila kitu, kwani daftari ni mahali pa kubahatisha na kukosea. Alichojiwekea ni sharti moja: seli inayotaka kunakiliwa mara ya pili haistahili kuishi daftarini.

Chini ya kifungu kile aliongeza majaribio madogo. Neno ng'ang'ania, kwa ritifaa iliyonyooka na kwa iliyopinda, lazima litoke likiwa neno moja zima; lisipotoka hivyo, kazi yote husimama.

Kisha aliendesha madaftari yote upya. Tofauti baina ya magazeti na riwaya, ile aliyoijengea sura nzima, iliyeyuka kama barafu juani. Usiku huo alijaribiwa. Jedwali la zamani lilikuwa bado lipo, limepangwa vizuri, na hakuna mtahini ambaye angefungua madaftari 9 ili amkamate. Asubuhi alibisha mlango wa msimamizi akiwa na jedwali jipya mkononi, akaeleza yote, tangu ng'ombe wa kwanza hadi umeme uliopotea.

"Basi sura ya 4 imekufa," alisema.

"Imekufa," alikubali Profesa, akivuta kiti. "Keti tuiandike ile iliyo kweli."

Utetezi ulisogezwa mbele kwa miezi 2. Sura mpya ilikuwa fupi na isiyo na habari ya kusisimua: kwamba katika matini zilizochunguzwa, magazeti yanayatumia maneno yenye ng' sawa na riwaya. Makala ya kongamano haikuandikwa. Katika kiambatisho cha tasnifu, mahali ambapo wengi huweka hojaji zao, palichapishwa faili moja ya msimbo isiyozidi ukurasa, na katika mistari yake ya mwisho neno ng'ang'ania limeandikwa mara mbili, kwa ritifaa mbili tofauti.