La Manga: yaya na mdogo wake kati ya Bahari Ndogo na Bahari Kubwa

Siku ya mungu ya Pasaka, mama mmoja mzaliwa wa Uvira anayeishi Ubelgiji alipanda bisi mjini Cartagena, kusini-mashariki mwa Uhispania, akiwa na mdogo wake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Kijana huyo anakata saladi katika mashamba ya Campo de Cartagena, na juma hilo alipewa siku hiyo moja tu ya kupumzika.

« Yaya, leo nitakufikisha mahali ambapo ukitupa jiwe kulia linaanguka baharini, ukitupa kushoto linaanguka ziwani. »

Hakuongeza chumvi sana. La Manga ni ukanda wa mchanga wa zaidi ya kilometa 20, na kuna sehemu ambazo upana wake haufiki hata mita 200. Kulia ni Mediterania, ambayo wenyeji wanaiita Bahari Kubwa. Kushoto ni Mar Menor, yaani Bahari Ndogo, ziwa la maji ya chumvi ambalo kina chake cha mwisho ni kama mita 7. Kwa mtu aliyekulia kando ya Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, hilo ni bwawa la kuogea watoto. Yaya alicheka, na mdogo wake akafurahi kumuona anacheka.

Barabara kuu ya kuingia ni moja, na ndiyo hiyo ya kutokea. Kabla ya miaka ya 1960 hapa palikuwa karibu mchanga mtupu. Kisha zikaja hoteli na majumba ya ghorofa, yakasimama msitari mrefu kama watu wanaongojea mkate. Wakati wa joto kali wageni wanajaa hadi magari yanashindwa kutembea. Siku hiyo ya Pasaka madirisha mengi yalikuwa bado yamefungwa.

« Nyumba zote hizi hazina watu? » yaya aliuliza.

Mdogo wake, ambaye analala na wenzake wanne katika chumba kimoja, hakujibu.

Walisoma bei ya caldero, ule wali wa mchuzi wa samaki unaosifiwa huko, wakaenda zao kula mkate na sardini kwenye mchanga. Baadaye yaya alivua viatu akaingia upande wa ziwa. Alipiga hatua hamsini, maji yangali kwenye magoti. Juu yalikuwa safi, lakini chini alikanyaga tope jeusi lenye harufu, akarudi haraka.

Ni hapo mdogo wake alipomueleza. Mwaka 2016 maji haya yaligeuka kijani. Mwezi wa 10 mwaka 2019, na tena mwezi wa 8 mwaka 2021, samaki na kamba walisogea pembeni kutafuta hewa, wakafa kwa matani. Tangu mfereji wa kutoka mto Tajo ulipoleta maji mwaka 1979, bonde zima limekuwa bustani, na mbolea inateremka hadi ziwani. Inayokuza saladi inakuza pia majani ya majini. Yakioza, hewa inakwisha majini. Wakulima wanasema maji machafu ya miji nayo yamechangia, na si uongo, lakini nguvu kubwa ni ya mbolea.

« Na wewe ndiye unayeimwaga? »

« Miye nakata tu, yaya. Wewe ndiye unayenunua kule Ubelgiji. »

Walinyamaza kidogo.

Raia hawakukaa kimya. Zaidi ya watu 600,000 walitia sahihi, na mwaka 2022 Uhispania ikapitisha sheria inayolipa ziwa hili haki kama za mtu: haki ya kuwepo, kulindwa na kutengenezwa upya. Ni mara ya kwanza kwa Ulaya. Sheria hiyo inasema mtu yeyote anaweza kwenda mbele ya korti kulitetea.

« Mtu yeyote? » yaya aliuliza. « Hata wewe? »

« Hata miye. » Akatazama maji. « Ziwa limeshapata karatasi zake. Zangu nangojea mwaka wa tatu huu. »

Alisema kama mzaha, lakini yaya hakucheka. Alimfuta mchanga kwenye shati, kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto huko Uvira, na kijana wa miaka thelathini na mbili akamuacha amfute.

Jioni waliondoka mapema kwa sababu gari la kubeba wafanyakazi linapita saa kumi na moja alfajiri. Nyuma ya ziwa mashamba yalianza, mistari ya saladi hadi macho yanapochoka, na mabomba meusi yamelala kati ya mistari.

« Maji haya yakishanywesha saladi yanaenda wapi? »

Mdogo wake alikuwa ameanza kusinzia. Alionyesha kwa kidevu tu, upande walikotoka.