Yoga kwa mwenye presha: mkeka sawa, vidonge vibaki

Mama yangu ana miaka 58, na presha ya kupanda anayo tangu mwaka 2019. Miezi michache iliyopita mwenzake wa kikoba alituma video kwenye kundi lao la WhatsApp: mwanamke amekaa chini, amekunja miguu, anaeleza jinsi alivyofanya yoga siku 21 akatupa dawa zote za presha. Mama akanitumia. "Mwanangu, si wewe unaandika mambo ya afya? Niambie kama ni kweli, maana hivi vidonge nimevichoka."

Sikucheka. Shangazi yangu aliviacha vya kwake alipojisikia mzima, akapata kiharusi, na mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kijiko. Presha mara nyingi haiumi, ndiyo maana mtu hudhani amepona.

Nikaanza kusoma, na yoga si maneno matupu. Mwaka 1990 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari Mmarekani, Dean Ornish. Wagonjwa wa moyo waliokula vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo sana, wakaacha sigara, wakafanya mazoezi pamoja na kujinyoosha na kupumua kwa mtindo wa yoga, baada ya mwaka mmoja mishipa ya moyo ya wengi wao ilikuwa imefunguka kidogo. Lakini yoga ilikuwa kitu kimoja kati ya vingi, na watu wenyewe hawakufika 50. Nani ajuaye kama ni yoga au ni mchicha?

Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika India, ukachapishwa mwaka 2020. Ulihusisha karibu wagonjwa 4,000 waliotoka kupata shambulio la moyo, katika hospitali 24. Nusu walifundishwa yoga, nusu wakapewa ushauri wa kawaida. Vifo na mashambulio mapya havikutofautiana kiasi cha kuweza kusema yoga ndiyo iliyookoa. Ila waliofanya yoga walijisikia vizuri zaidi, na walirudi zaidi kwenye shughuli zao za zamani. Kwangu hilo si dogo. Shangazi angetoa chochote arudi gengeni kwake.

Jinsi inavyofanya kazi unaweza kujipima mwenyewe. Shika mshipa wa mkononi, vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Mapigo huongezeka kidogo unapovuta, hupungua unapotoa. Kuna neva itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, na pumzi ndefu huipa nafasi ya kuutuliza moyo.

Baba alikuwa na swali lake: "Hiyo si ibada ya Wahindi?" Ni kweli yoga ilizaliwa India, ndani ya dini na falsafa za huko, na sikumficha. Nikamwambia mama atanyoosha viungo na kupumua tu, basi. Akanyamaza, na nyumbani kwetu baba akinyamaza ameruhusu.

Nikaenda na mama kliniki. Daktari alisema afanye, lakini vidonge vibaki. Vipimo vikishuka, yeye ndiye atakayepunguza dozi, si video. Akamkataza mikao ya kichwa chini miguu juu na kubana pumzi kwa muda mrefu, kwa kuwa vinaweza kupandisha presha ghafla. Pia asiinuke kwa haraka kutoka chini, maana dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu.

Sasa jioni anatandika mkeka barazani, dakika 20, kiti cha plastiki pembeni cha kushikilia. Asubuhi anatembea kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na yoga yake ni ya taratibu mno kuhesabika peke yake.

Kinachotugombanisha sasa ni chumvi. Mkeka aliuzoea ndani ya wiki moja. Kikopo cha chumvi bado kiko mezani, upande wake.