Saa za Konstebo

Mimi ni mtumishi wa serikali, umri wangu miaka thelathini na sita, na cheti nilicho nacho ni cha ualimu. Nilifundisha hesabu kwa miaka sita kabla ya kuhamia ukarani. Sasa kazi yangu ni kuandika orodha ya zamu katika kituo kimoja cha polisi jijini Kampala. Nyumba yangu iko Wandegeya, baina ya Makerere na Mulago, mahali ambapo hata usiku wa manane chapati na mayai bado hukaangwa kando ya barabara. Askari huniita Mwalimu.

Ndugu msomaji, orodha ya zamu ni hesabu isiyokubali kugawanyika. Lindo moja lisilofungwa usiku wala mchana lina saa 168 kwa juma. Mtu mmoja akifanya kazi saa 48, lindo hilo lataka watu watatu na nusu, na nusu mtu hajapata kuajiriwa popote. Hapo sijataja likizo, malaria, wala siku ya kuitwa mahakamani. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 34.6 katika Uganda. Ile ya 2024 ikapata milioni 45.9, na kila aliyeongezeka ana haki ya kuita polisi usiku. Sheria nayo humhesabu askari kuwa kazini wakati wote. Kwa hiyo saa za ziada, katika daftari langu, ni mstari wa kalamu tu.

Unaokula watu zaidi ni msako wa bangi na mairungi. Wengi hudhani kazi huisha mtu akishikwa, kumbe ndipo inapoanza: kupima, kufunga, kutia lakiri, kuandika daftari la vidhibiti, kupeleka kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara yake iko hapa hapa Wandegeya, kisha kungoja siku ya ushahidi. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa kuwa Bunge halikutimiza akidi lilipoipitisha; Agosti mwaka huo huo Bunge likapitisha nyingine. Ikiwa Bunge zima laweza kuteleza kwa kutohesabu watu, sembuse askari aliyekesha siku mbili?

Na huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Jioni moja konstebo kijana alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Mwalimu, usiku wa leo uniache. Mama watoto yuko hospitali, atajifungua."

"Ndugu yangu, nikikutoa wewe, nani ataingia?"

"Hata saa chache tu, Mwalimu."

Nilitazama orodha. Wawili walikuwa wagonjwa, mmoja yuko safarini, na msako ulikwisha kupangwa. Ningeweza kupanda ngazi nikamwambie mkuu kwamba tumepungukiwa. Sikupanda. Wanangu walikuwa wakinisubiri chakula cha jioni, nami nilitaka kuwahi kabla mvua haijanyesha. Nikaliacha jina lake pale lilipo.

Akaenda msakoni, naye alikuwa tangu asubuhi lindoni. Alfajiri alirudi na gunia dogo na mshtakiwa mmoja, akaandika daftari kwa mkono wake. Mtoto alizaliwa usiku ule ule, salama, baba yake akiwa kwenye mizani.

Miezi kadhaa baadaye kesi ilisikilizwa. Uzito uliokuwa katika daftari na ule uliokuwa katika karatasi ya maabara haukulingana. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, kosa nililokuwa nikilisahihisha kila siku kwa wino mwekundu katika madaftari ya watoto. Wakili aliuliza ni kidhibiti kipi basi kilicho mbele ya mahakama. Konstebo hakuwa na jibu, na kesi ikatupwa. Kama yule mshtakiwa alikuwa na hatia au hakuwa nayo, hakuna aliyebaki na njia ya kujua.

Konstebo alipewa onyo la maandishi. Mimi ndiye niliyelipiga chapa.

Siku hizi huacha nafasi moja wazi katika kila zamu, na kila Ijumaa huulizwa kwa nini haijajazwa. Mara nyingine hushinda, mara nyingine huijaza. Mtoto yule sasa anatambaa. Baba yake bado huniita Mwalimu tukikutana mlangoni, lakini maombi yake ya ruhusa humpelekea karani mwenzangu.