Chumvi ya Uvinza

Sisi vijana wa Gungu tunaoandika-andika tuna wiki yetu. Si ile Wikipedia, hapana, ila programu ni ileile, MediaWiki, ambayo hutolewa bure. Tumeiweka kwenye kompyuta kuukuu chumbani kwa mwenzetu, ndiyo seva hiyo, na humo tunakusanya masimulizi ya wazee wa Ujiji na Mwanga.

Mwaka jana tulimrekodi bibi mmoja wa mtaani, sasa ni marehemu. Alisimulia alivyokuwa akivuka ziwa usiku kwenda Kongo kuuza chumvi ya Uvinza, mwanamke peke yake mtumbwini. Nikaandika. Mwanawe mkubwa aliposomewa akawaka: "Kijana, mama yangu hakupanda mtumbwi usiku na wanaume. Chumvi umeitia wewe na riwaya zako!"

Dawa ilikuwa moja: sauti ya bibi ikae ukurasa uleule na maandishi, kila mwenye masikio ajisikilizie. Wapi bwana! Seva ikagoma.

Kumbe MediaWiki huja na upakiaji umefungwa. Ndani ya LocalSettings.php yabidi $wgEnableUploads iwe true. Tukafungua. Ikasema aina hii ya faili hairuhusiwi. Kweli, orodha yake ya kawaida ni ya picha tu, png, jpg na wenzao. Tukaongeza mp3 kwenye $wgFileExtensions. Ikasema faili ni kubwa mno.

Hapa ndipo penye uhondo, ndugu msomaji, na mimi ni mtu wa kidato cha nne, si fundi. Faili letu lilikuwa megabaiti 21. PHP, lugha inayoendesha wiki, usipoigusa hupokea megabaiti 2 tu. Kipimo hicho kinaitwa upload_max_filesize, kimo katika php.ini. Lakini kina mwenzake, post_max_size, kwa kawaida 8, kinachopima mzigo mzima wa fomu. Ukipanua cha kwanza ukakiacha cha pili, fomu hurudi tupu kama vile hukutuma kitu, wala sababu huambiwi. Ni sawa na kupanua mlango wa stoo huku geti likipitisha baiskeli tu. Tukaweka 32 na 40. Tena Ubuntu huwa na php.ini zaidi ya moja. Inayohusika ni ile ya Apache, na Apache yenyewe lazima iwashwe upya.

Bado! Sasa ikalia kwamba haiwezi kuunda folda ndani ya images. Mwenye folda hiyo alikuwa root, ilhali Apache hufanya kazi kwa jina la www-data. Wapo wanaoshauri chmod 777, yaani yeyote aandike atakacho. Mimi sikubali, huko ni kulala mlango wazi. Tukamkabidhi www-data folda yake, basi.

Sauti ikapanda. Mzee tukamwita, akakaa juu ya ndoo, kofia mkononi. Bibi akakohoa, akataja bei ya chumvi, akawataja wanaume sita waliokuwa wakipiga kasia, mmoja mmoja kwa majina, kisha akacheka.

Mzee alikaa kimya kitambo.

"Irudishe hapo anapocheka," akasema.

Ijumaa alirudi na dada yake.