Bango Jekundu Brussels, Rundo la Matofali Likasi

Kikula, mjini Likasi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, habari ya upanuzi huanza na lori. Linarudi nyuma polepole kwenye barabara nyembamba, vijana wawili wakimwelekeza dereva kwa mayowe, kisha linamwaga matofali ya kuchoma kando ya ukuta wa kanisa. Kesho yake unafika mchanga. Siku ya tatu kamba inavutwa toka kigingi hadi kigingi, na hapo ndipo mama anayekaa ng'ambo ya ukuta anapong'amua kuwa shule ya parokia inaongezewa jengo la ghorofa, na kwamba madirisha yake yatachungulia uani kwake, pale anapoanika nguo na kutwanga sombe.

Brussels, habari hiyohiyo huanza na karatasi. Bango jekundu, kwa Kifaransa na Kiholanzi, linabandikwa kwenye jengo na katika njia za jirani. Linaeleza kinachotakiwa kujengwa na mahali penyewe. Mwenye neno aiandikie halmashauri ndani ya siku 15 au 30, kutegemea mradi. Shule ikitaka kujenga kwenye ule uwazi wa ndani, uliozungukwa na migongo ya nyumba, haiwezi kulikwepa bango: mpango wa ardhi wa mkoa wa Brussels, ulioanza kutumika mwaka 2001, unaulinda uwazi huo kwa jina. Muda ukiisha, tume ya mashauriano inakaa. Aliyeomba kusikilizwa anaingia, anasema kivuli kitafika jikoni kwake, msanifu anafungua ramani na kujibu, tume inatoa maoni. Hapo hakuna tofali hata moja lililoshushwa.

Mtu aliyekulia Likasi akiliona bango hilo mara ya kwanza huko Ixelles, karibu na Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, ni rahisi kulionea wivu. Anawaza watu wa kwao wangeambiwa nini, na lini. Wivu huo, hata hivyo, hupungua akilikuta bango lilelile kwenye mlango wa kanisa anamosali.

Maana makanisa mengi ya Waafrika Ulaya hayakurithi majengo. Hukodi maghala na karakana za zamani, na ghala kugeuka nyumba ya ibada ni mabadiliko ya matumizi yanayodai kibali. London ina mfano unaokumbukwa. Mwaka 2009, KICC, kanisa la mchungaji Matthew Ashimolowo kutoka Nigeria, lilinunua jumba la sinema la zamani huko Crystal Palace, ambalo lilikuwa limegeuzwa ukumbi wa bingo. Wakazi waliotaka sinema yao irudi waliandaa kampeni, na halmashauri ya Bromley ikakataa ombi la kulifanya jumba hilo kanisa. Hati ya nyumba kanisa lilikuwa nayo. Ruhusa ya kuabudu ndani yake ndiyo haikupatikana. Mwaka 2018 filamu zilirudi pale, chini ya kampuni ya Everyman. Bango linamsikiliza jirani, lakini jirani mwenye muda, lugha na ujuzi wa kuandika pingamizi ndiye anayesikika zaidi.

Je, Kongo haina utaratibu wa kumuuliza jirani? Inao, na ulitoka Ubelgiji ileile, iliyokuwa ikiitawala. Amri ya tarehe 12 Februari 1953 kuhusu shughuli za hatari, chafu au za kero ilileta uchunguzi ambao maofisa bado wanauita kwa Kilatini, commodo et incommodo: watu wa karibu waulizwe faida na adha kabla ya kibali kutolewa. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 nayo inadai maoni ya umma kwa miradi inayoweza kudhuru mazingira. Na tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi yote ni mali ya dola. Kanisa, kama raia yeyote, lina haki ya kuitumia tu. Tatizo ni kwamba waliotunga amri ya 1953 walikuwa wakifikiria zaidi tanuru, asidi na moshi. Katika mji wenye viwanda vya Shituru na Panda hilo linaeleweka. Kwaya yenye spika nne usiku wa mkesha haikuwamo akilini mwao.

Lakini jirani wa Likasi hanyamazi kwa sababu ya sheria pekee. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi 1966, ulijengwa na kampuni ya Union Minière, na katika makambi ya wafanyakazi kampuni iliwaachia wamisionari elimu ya watoto. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule. Haikuziweza, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kuwarudishia usimamizi Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Miaka ya 1990 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaporomoka. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Aliyebaki akiwa na uwezo wa kujenga darasa mtaani, mara nyingi, ni kanisa.

Kisha ikaja elimu ya msingi ya bure, Septemba 2019. Wazazi waliokuwa wamekwama kwa sababu ya ada waliwapeleka watoto kwa wingi, madawati yakajaa, na shule za mkataba zikalazimika kutafuta nafasi. Ukuta unasogea kwa sababu watoto ni wengi, na baadhi yao ni wa yule mama wa ng'ambo ya ukuta. Atamshtaki nani? Mwalimu mkuu ndiye anayemfundisha mwanawe, na padri ndiye atakayemzika mama yake.

Hivyo malalamiko hupita njia nyingine. Hayaandikwi, hupelekwa jioni kwa chefu wa avenyi, kiongozi wa barabara, pengine hadi kwa chefu wa kartye, kiongozi wa mtaa, kwa sauti ya chini. Kero zenyewe ni za kawaida: vyoo vipya karibu na kisima, maji ya mvua yanayomwagwa upande wa pili, msongamano wa saa moja asubuhi, jenereta ya mkesha. "Bangetuuliza kwanza," ndiyo sentensi inayorudi. Mara nyingi huzaa matunda: bomba linageuzwa, spika inapunguzwa, kijana wa jirani anapewa kibarua cha kuchanganya saruji. Ila wakati huo msingi umeshamwagwa, na kinachojadiliwa ni makombo.

Pasipo na nafasi ya kusemezana mapema, dola inaweza kuja na nyundo. Rwanda, mwanzoni mwa 2018, ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali pekee, ikitaja majengo yasiyo salama, uchafu na kelele. Waumini walikuta milango imefungwa.

Likasi haihitaji kwenda Brussels kujifunza kuuliza. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni ya uchimbaji isaini daftari la majukumu na jamii zinazoizunguka: barabara hii, kisima kile, zahanati ile, na tarehe za utekelezaji. Katika ukanda huu wa shaba, mikutano ya namna hiyo, yenye viti vya plastiki chini ya turubai, si jambo geni. Kinachoombwa kwa mgodi kingeweza kuombwa kwa darasa, kwa kipimo chake: karatasi moja kwenye ofisi ya kartye, mchoro unaoonyesha madirisha yanatazama wapi na vyoo vinachimbwa wapi, na wiki mbili kabla ya lori.

Na karatasi hiyo ingeandikwa kwa lugha gani? Mabango ya Brussels yana lugha mbili kwa sababu mji una lugha mbili. Ofisi za Likasi huandika Kifaransa. Mama wa Kikula hulalamika, husali na humgombeza mtoto kwa Kiswahili, na kalamu ya kujibu bango angeishika binti yake wa darasa la sita, yuleyule anayesubiri darasa jipya.