Nguo na Kwao

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia hapa kwa maelfu, na katika maduka yao ya vitambaa bado unaweza kuwakuta wazee wanaoitikia salamu ya Kiswahili.

Huku fundi cherehani akitaka kujaribu mshono kabla ya kukata kitambaa cha bei, hutumia pamba isiyopaushwa, mfano wa merikani ya bibi zetu. Waingereza huiita calico. Jina limetoka Calicut, bandari ya pwani ya Malabar, India, ndiko alikokuwa akienda Vasco da Gama mwaka 1498 alipotia nanga Malindi na kupewa rubani wa kumvusha bahari.

Kitambaa cha Kihindi kilipofika London kilipendwa mno: chepesi, kinafulika, rangi yake haichuji. Wafumaji wa hariri na sufu wakaona riziki inawaponyoka. Mwaka 1719 waliingia mitaani wakawachania wanawake magauni ya calico, wengine wakawamwagia wino. Mwaka 1721 Bunge likapiga marufuku kuvaa sehemu kubwa ya nguo hizo, na katazo likadumu hadi 1774. Kisha mashine za Lancashire, hukuhuku Uingereza, zikaiga kazi ya mikono ya Wahindi, na kitambaa kikapelekwa kuuzwa India kwenyewe, mfumaji wa huko akakosa mnunuzi. Jambo hili linaniuma kila nikishika kitambaa hicho dukani.

Kaki nayo, ambayo tunadhani tumeipata kwa Mwingereza, yeye aliikuta India: kwa Kiurdu ni rangi ya vumbi, na asili yake ni Kiajemi. Pajama vilevile, kwa Kiajemi ni vazi la miguu. Dangarizi za mafundi makenika zimebeba jina la Dongri, mtaa wa Mumbai.

Lakini tusiwanyooshee kidole Waingereza peke yao. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Zanzibar na majahazi makubwa ya Wamarekani, mengi yakitoka Salem, Massachusetts. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay, yaani Mumbai ya leo, vikaanza kutuletea kitambaa cha aina hiyohiyo. Sisi tukaendelea kukiita merikani, na Mhindi aliyekifuma hatukumtaja.